Saa Kumi za Kwenda Moscow

Mjukuu wangu Nasra ana safari ya masomo, na tangu barua ya chuo ilipomfikia simu yake haitulii. Kila jioni, tukimaliza sala ya magharibi, huja kukaa nami barazani hapa Mikumi, malori ya Zambia yakinguruma barabarani, akanisomea saa za ndege kama mtu anayesoma matokeo ya mpira. Juzi alikuwa anapima Istanbul. Nikamwambia, "Hebu niangalizie na Moscow."

"Moscow! Bibi, una mtu huko?"

"Wewe angalia tu."

Akabonyeza, akasubiri. "Kutoka Dar es Salaam, karibu kilomita elfu saba. Ndege ikienda moja kwa moja ni saa tisa na kitu. Tuseme kumi. Mbona karibu, bibi! Unalala, unaamka, umefika."

Nikamwambia ni kweli, ni karibu. Kisha nikaingia ndani nikajifanya natafuta tasbihi, na tasbihi ilikuwa mkononi mwangu. Nilikaa kitandani mpaka moyo ukatulia. Namshukuru Mwenyezi Mungu kwamba ameniweka hai hadi kumsikia mtoto wa mwanangu akiitamka namba ile ile niliyoitamka mimi nikiwa na miaka kumi, tena kwa furaha ile ile. Lakini ilinichoma.

Ninayoyaandika hapa sijamsimulia mtu. Nayaandikia wenzangu wa umri wangu, waliokuwa watoto wakati ambapo barua za nyumbani zilisomwa na watoto, kwa kuwa wazazi hawakujua kusoma. Nadhani wengi wenu mna barua moja ambayo mngependa kuisoma upya.

Tulikaa Kilosa, kwenye kota za reli, nyumba za mstari mmoja zilizotazama stesheni. Babu yangu alikuja na kazi ya reli kutoka Tabora, na baba akaikuta kazi hiyo hiyo. Alikuwa mnyapara wa genge, yaani kiongozi wa wale wanaume wanaotembea juu ya njia ya reli kila siku kuangalia mataruma ya mbao yaliyooza chini ya reli na kukaza vyuma vilivyolegea. Mama alilima mpunga bondeni upande wa mto, na Ijumaa alichoma udi ndani kabla baba hajaenda msikitini.

Sisi watoto wa reli hatukujua kilomita. Tulijua saa. Kimamba ilikuwa nusu saa. Morogoro ilikuwa saa tatu, au nne kama treni imesubiri kupishana na nyingine. Dar es Salaam ilikuwa saa kumi. Mtu akiuliza kama kwao mkwe ni mbali, alijibiwa kwa saa, akaridhika. Hata baba, ambaye vibao vya kilomita alivipaka chokaa kwa mkono wake, hakuwahi kunitajia Dar es Salaam kwa kilomita. Ungemwuliza angesema, "Dar? Saa kumi," na asingeona kama ameacha kitu.

Kaka yangu Rajabu ndiye aliyekuwa mtoto wa kwanza. Baina yangu na yeye walikuwepo wengine watatu ambao Mungu aliwachukua wadogo, kwa hiyo alinizidi miaka kumi na moja. Alifaulu vizuri, akachaguliwa kwenda Moscow kusomea uhandisi. Siku alipoondoka mama alilia mpaka sauti ikakauka, na wiki zilizofuata alilia bila sauti, akipepeta mchele, akichota maji, hata akiwa kwenye sijda. Nilimwona mabega yakitikisika nikafikiri ana baridi.

Kisha ikaja barua ya kwanza. Nikaisoma kwa sauti, nimesimama katikati ya chumba kama nilivyofundishwa shuleni. Rajabu alieleza baridi, supu ya kabichi, chumba anacholala na wenzake watatu. Na katikati akaandika hivi, kwa maana nakumbuka: safari ilikuwa nzuri, ukiacha kusimama njiani, jumla tulikaa angani saa kumi.

Mama akanikatisha. "Saa ngapi?"

"Kumi, mama."

"Kumi? Si ndiyo Dar hiyo?"

"Sawasawa na Dar, mama."

Akakaa chini kwenye mkeka. Akaanza kucheka, huku anajifuta macho na upindo wa kanga. "Kumbe miezi yote hii nalilia safari ya Dar! Baba Rajabu, umesikia? Mtoto wako hajaenda mbali. Yuko hapa tu."

Sikuwa nimebahatisha. Nilikuwa na ushahidi wangu. Kabla ya hapo baba alinipandisha treni ya kwenda Mikumi, kwa tawi lile la reli linaloshuka kusini, na tulipokuwa tunakaribia niliona ndege ndogo ikizunguka juu ya mbuga. Ilipita, ikarudi, ikapita, ikarudi tena, na treni yetu ikaenda, ikaenda, na ile ndege bado tukawa nayo dirishani. Baba alinieleza kwamba inafukuza pundamilia uwanjani ili ipate kutua. Mimi nilichokiona ni kitu kingine: kwamba ndege haiishindi treni kwa mwendo. Imeinuliwa juu, basi. Kwa akili ile, saa kumi za ndege na saa kumi za treni zilikuwa njia ya urefu mmoja, moja chini na moja juu. Nyumba nzima iliniamini, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa shuleni.

Kwa muda wa mwaka hivi kosa hilo lilitufanyia wema tu. Mama alirudi kula vizuri. Akipika kitu kitamu alisema, "Angekuwa na nafasi angepanda jioni tu, asubuhi tuko naye." Mzee Kasimu, fundi wa genge la baba, Mluguru wa milimani, alikuwa mtani wetu kwa ule utani wa Waluguru na Wanyamwezi, na yeye hakuacha kitu kipite. "Nyie Wanyamwezi mmebeba mizigo ya watu mpaka Pwani kwa miguu," alimwambia baba. "Sasa mmeota mabawa. Mkirudi mtatunyea vichwani."

"Na wewe Mluguru shuka kwanza kutoka mlimani," baba akamjibu, "hujui hata treni inapandwa upande gani."

Halafu mama akajikata na jembe, mguu wa kushoto, kati ya vidole viwili vya mwisho. Kilikuwa kidonda kidogo. Akakifunga kitambaa akaendelea na palizi. Leo mtu angetaja kisukari na kumpima. Wakati ule tuliona tu kwamba kidonda hakifungi, kisha kwamba vidole vinabadilika rangi, kisha kwamba udi unachomwa nyumbani hata siku isiyo Ijumaa. Mpaka leo watu wakichoma udi msibani mimi husogea karibu na mlango. Hawajui kwamba nausikia udi pamoja na kile ulichokuwa unakifunika.

Jumatatu moja baba akampeleka kwa daktari pale Kilosa, nami nikabeba kapu. Daktari akaangalia, akanusa, akamwambia mama kwa upole, "Vidole viwili vitoke, mama. Vidole tu. Nakuandikia barua ya Morogoro, uende kesho. Wiki hii ni vidole viwili. Wiki ijayo siwezi kukuahidi hivyo."

Mama akauliza swali moja. "Vikishatoka, mnavipeleka wapi?"

Daktari akasema kama familia inavitaka, itapewa ikavizike.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Nataka nieleze vizuri ili msimwone mama kuwa mkaidi. Tulifundishwa kwamba kiungo cha mtu kina heshima yake: kikitoka, hufungwa kitambaa safi kikafukiwa. Na kwao mama, mtoto wa kwanza wa kiume ndiye aliyeshuka kaburini kumpokea mama yake. Mama aliyaunganisha mawili hayo. Alisema sehemu yake ikitangulia udongoni, mwenye haki ya kuipokea ni Rajabu. Nimesoma dini baada ya hapo, na ninawasomesha wanawake wenzangu, najua hakuna sharti kama hilo, yeyote angefukia. Lakini hofu ilikuwepo pia, nayo alinong'ona njiani tukirudi. Aliogopa kulazwa mezani asiamke, na mwanawe hajamwona.

"Rajabu aitwe kwanza," alimwambia baba. "Si saa kumi tu? Aje anione, avizike, arudi zake."

Baba akanitazama. Nakumbuka vizuri kwamba alinitazama mimi.

"Itawezekana?" akauliza.

Nikapiga hesabu kwa vidole mbele yao. Telegramu ikienda leo, inafika leo. Rajabu apande ndege kesho jioni, saa kumi, Jumatano alfajiri yuko Dar. Treni ya Bara itamleta. Jumatano hiyo hiyo usiku haujaingia yuko hapa.

"Huyu apewe kofia ya stesheni masta," akasema Kasimu, aliyekuwa amekuja kumjulia hali mgonjwa. "Baba anagonga vyuma, binti anapanga ndege." Wote wakacheka, hata mama. Baba akaenda posta.

Jumatano nilikuwa jukwaani mapema. Treni ilichelewa, ikaingia na moshi wake, wakashuka wanawake wenye matenga na askari mmoja na mtu wa nazi. Nikatembea toka kichwa hadi mkia nikichungulia madirisha. Nikarudi nyumbani nikasema labda amekosa nafasi, atakuja na ya Ijumaa. Mama akasema, "Hewala. Siku mbili si nyingi." Mguu wake ulikuwa juu ya mto, umefunikwa kanga.

Alhamisi tulikuwa na somo la jiografia. Mwalimu alitundika ramani ya dunia ubaoni, akauliza nani anajua mahali pa mbali ambapo amekwenda ndugu yake. Wengine wakataja Tanga, wengine Mombasa. Mimi nikasimama. "Moscow, mwalimu. Ni saa kumi. Sawa na Dar."

Hakuna mwanafunzi aliyecheka, maana wote walikuwa watoto wa reli. Aliyecheka ni mwalimu, na hakucheka kwa ubaya. Alikuwa kijana mpole. Akaweka nukta ya penseli penye Kilosa, kwa kuwa Kilosa haikuwemo. Akatoa njiti ya kibiriti, akaivunja kipande kidogo cha kutosha toka nukta ile hadi Dar es Salaam. "Hii ndiyo saa kumi yenu ya treni," akasema. Kisha akaanza kukihamisha kipande kile toka Dar es Salaam kwenda juu, mara moja, mara mbili, na darasa zima likaanza kumhesabia kwa sauti. Kikapita Kenya. Kikapita majangwa. Nane, tisa, kumi. Kikavuka bahari nyembamba. Watoto walikuwa wamesimama juu ya madawati. Ishirini. Ishirini na moja. Nilitaka anyamaze mtu mmoja tu, angalau mmoja. Kilipofika Moscow walipiga kelele pamoja, "Ishirini na tano!" na mwalimu akakirusha kile kipande cha njiti dirishani.

"Sasa kwa nini ni saa kumi, mwalimu?" nikauliza.

"Kwa sababu ndege haisimami Kimamba," akasema, darasa likaangua kicheko.

Kengele ilipolia nikamfuata nje. Nikamwuliza kama mtu aliyeko kule akiitwa na mama yake mgonjwa, anafika siku ngapi. Akaacha kutabasamu. Akasema wanafunzi kama wale hurudishwa na serikali iliyowapeleka, wakimaliza miaka yao. Si safari ya mtu kuamka akaifunga. "Mama yako anaumwa?" akauliza. Nikasema hapana. Sijui kwa nini nilisema hapana.

Nilikimbia nyumbani nimekusudia kusema. Wallahi nilikuwa nimekusudia. Nikaingia uani nikamkuta mama amekaa kwenye kigoda, mguu umenyooshwa juu ya gunia, na mke wa Kasimu anamsuka nywele. Mistari ilikuwa imekamilika nusu ya kichwa. Uso wake ulikuwa umepungua, lakini alikuwa amepaka wanja.

"Haya, stesheni masta," akaniita kwa jina walilonipa, "mwanangu anakuja kesho, asije akanikuta kama mwehu. Nazi nimeagiza. Utakuna wewe."

Nikasema, "Ndiyo, mama." Nikachukua mbuzi nikakuna nazi.

Nimelirudia jibu hilo miaka yangu yote. Nikiwa nafundisha darasa la wanawake, huwaambia kwamba kalamu haimwandikii mtoto dhambi mpaka abaleghe, na nalisema kwa yakini. Najua, na bado huamka kabla ya adhana nikiwa nimeishika mbuzi ile mkononi. Kosa la hesabu nimelisamehe zamani, lilikuwa la mji mzima. Linalonishinda ni toka Alhamisi adhuhuri mpaka Jumamosi asubuhi, muda ambao hakuna aliyeukosea ila mimi, kwa sababu ni mimi tu niliyekuwa najua.

Ijumaa nilikwenda stesheni. Nilimwambia mama nakwenda kumpokea, nikavaa gauni la Idi. Nikasimama jukwaani nikiwa najua hakuna mtu. Treni ikaingia, nikaitembea tena toka kichwa hadi mkia, nikichungulia kila dirisha, na hata leo sijui nilikuwa namwonyesha nani. Labda nilifikiri Mungu akiona nimetafuta kweli, atamweka. Niliporudi mama alikuwa amelala. Akafumbua macho.

"Hakuja?"

"Hakuja, mama."

"Basi yuko njiani." Midomo yake ilikuwa imekauka. "Msafiri dua yake haikatai Mungu. Hivi sasa yuko njiani ananiombea, ndiyo maana maumivu yamepungua. Sikia, hata mguu siusikii tena."

Alisema kwa furaha, kwamba mguu hausikii tena. Baba alikuwa mlangoni. Aliusikia usemi ule, akageuka akatoka nje, na nikamwona amesimama kati ya reli mbili, ametazama upande wa Dar, mikono kiunoni.

Jumamosi asubuhi nilimpelekea uji. Homa ilikuwa imepanda, na udi ulikuwa umekwisha ndani ya nyumba. Niliweka bakuli sakafuni. Nikasema haraka, kabla sijaogopa tena, "Mama, Moscow si kama Dar."

Hakufumbua macho. "Ni kama wapi?"

"Ni Dar mara ishirini na tano."

Mama akauliza, "Na Makka? Iko kabla au iko baada?"

"Kabla. Ukifika Makka hujafika hata nusu."

Sasa akafumbua macho. Kwa mama, Makka ndiyo iliyokuwa mwisho wa safari zote. Alimjua mzee mmoja tu aliyefika, na mzee huyo alipitisha miezi kwenda na kurudi, na watu walikwenda kumshika mkono. "Hata nusu," akarudia polepole. "Kumbe kuna watu wanaishi huko mbele, baada ya Makka, na mwanangu analala kwao." Chozi likashuka upande likaingia sikioni, wala hakulifuta. Nikajua nimempeleka Rajabu kule kwa mara ya pili, na safari hii kweli.

"Umejua lini?" akauliza.

Ningeweza kusema leo. "Alhamisi. Shuleni."

"Alhamisi." Alikunja kidole kimoja. "Ijumaa." Akakunja cha pili. "Na jana ulivaa gauni la Idi ukaenda stesheni kufanya nini?"

"Kumsubiri."

Alinitazama. Nilisubiri kofi, na kama lingekuja ningelishukuru. Aliinua mkono, ulikuwa wa moto, akanishika shavu akanivuta mpaka sikio langu likawa karibu na mdomo wake.

"Kamwite baba yako. Mwambie nakwenda Morogoro leo, kwa treni yoyote. Na hiyo Alhamisi iache hapa hapa. Asiijue baba yako, asiijue Rajabu. Umesikia?"

"Ndiyo, mama."

"Hujanywa uji. Kunywa huo, mimi siwezi."

Siku hiyo haikuwa na treni ya abiria. Baba alikwenda kumbembeleza stesheni masta, wakampandisha mama kwenye behewa la gadi la treni ya mizigo, amelazwa juu ya godoro letu, Kasimu akishika upande mmoja na kusema kwamba katika maisha yake hajapata kuona Mnyamwezi akibebwa badala ya kubeba. Mama akatabasamu. Mimi niliachwa kwa mke wa Kasimu.

Niseme hapa, msije mkasubiri kwa wasiwasi, kwamba mama aliishi. Alhamdulillahi, aliishi miaka mingi, akalima bustani ya mchicha akiwa na gongo, akasali akiwa amekaa, akawaona wajukuu. Telegramu yetu ilizunguka ikamfikia Rajabu tukiwa tumekwisha mwuguza. Barua yake ya majibu niliisoma nimekaa. Alirudi baada ya miaka mitano, mhandisi, amenenepa. Alipomwona mama na gongo alianguka miguuni, kisha akamwona akisali amekaa, akalia. Mama akamwambia, "Ni mimi nilichelewa, baba. Nilikuwa mwoga." Alisema hivyo mbele yangu, bila kunitazama, na kila aliyeuliza alimjibu hivyo hivyo hadi alipofariki. Rajabu naye ametangulia sasa, Mungu awarehemu wote wawili. Waliondoka, mmoja akiwa amenibebea, mwingine akiwa hajui.

Nimekuwa mvumilivu na jambo hili, kama mtu anavyovumilia jino. Lakini kuna saa moja ambayo sijaimaliza.

Ilikuwa Jumanne baada ya adhuhuri. Baba alirudi kutoka Morogoro peke yake ili azike, kisha arudi kwa mgonjwa. Hakukuwa na njia ya kutuletea habari kabla. Tulichokuwa nacho ni maneno ya daktari wa Kilosa tu. Kwa hiyo Kasimu, kwa haki yake ya utani, alikuwa amekwisha chimba. Alinichukua nikamwonyeshe mahali mama alipopataka, pembeni ya makaburi ya watu wa reli, karibu na pale walipolala kaka zangu watatu waliofariki wadogo. Kilikuwa kishimo kisafi, kifupi, kama cha kupandia mche. Alipomwona baba anakuja na Shehe kwenye njia ya majani, akanyanyua sauti.

"Karibu, mnyapara! Nimewachimbia shimo la panya. Vidole viwili vya Kinyamwezi vitalala humo na nafasi ya kujigeuza ikabaki."

Baba alikuja mpaka ukingoni. Alikuwa amebeba mikononi, kama unavyombeba mtoto aliyelala, kitu kilichofungwa shuka jeupe, na kilikuwa kirefu. Alikilaza chini pole pole pembeni ya kile kishimo. Kikapita urefu wake mara tatu.

Kasimu alitazama chini, akamtazama baba. "Mpaka wapi?" akauliza, na ilikuwa sauti nyingine.

Baba akainama, akaweka kiganja cha mkono kwenye mguu wake mwenyewe, chini kidogo ya goti.

Shehe akasema, "Inna lillahi." Mzee Kasimu, ambaye nilimwona kwenye misiba mingine akiwachekesha wafiwa mpaka wakasahau kulia, alivua kofia akaitia mfukoni. Akashika jembe, akarudi kwenye shimo lile, akaanza kulipanua upande wa chini. Udongo ulikuwa mkavu, ulikuwa unaporomoka ndani kila alipoupiga. Hakuna aliyeniambia nisogee. Nikapiga magoti ng'ambo ya pili, nikaanza kuutoa kwa mikono.

"Acha, binti," baba akasema. "Utajichafua."

Sikuacha. Nilichota, nikamwaga nyuma yangu, nikachota tena. Kasimu alikuwa akisimama kila baada ya muda, analaza mpini wa jembe kando ya shuka kupima, kisha analaza mpini ndani ya shimo, anatikisa kichwa.

"Bado," alisema.

Tukaendelea kuchimba.